Katambuga

Nimekaa chini, kwenye kigoda, Mianzini,
magoti karibu na kidevu, misumari mdomoni,
na kutoka hapa sioni madereva.
Naona matairi.

Nayajua kama mfugaji ajuavyo kwato.
Hili la Fuso, limevimba ubavu, mahindi ya Karatu.
Hili la semitrela, linakwenda Namanga na saruji;
likipita, chai yangu inatetemeka kikombeni
mpaka kiduara kidogo kinazaliwa katikati.
Na haya manene, yenye meno,
haya ni ya mashangingi.

Zamani kidogo ungeyahesabu kwa vidole:
la mkuu wa wilaya, la askofu, la shirika fulani,
na yale ya watalii, yanayorudi kutoka Ngorongoro
na vumbi jekundu mpaka paani
kama ng'ombe aliyegaragara.
Siku hizi shangingi linatumwa mkate.
Viti saba, ndani kaketi mtu mmoja
na trei ya mayai.
Mayai yamefungwa mkanda.

Mbele lina ngao ya chuma.
Nilimuuliza Bwana Akyoo, siku aliyoleta moka zake nizipige kiwi:
hii ngao ya nini, mzee?
"Ya nyati," akasema.
Nikatazama Mianzini nzima, kulia, kushoto:
bodaboda, muuza ndizi, mlevi wa jana, mbuzi wa watu.
Nyati sikumwona.
Labda alikuwa ameshuka mtoni kunywa.

Ilikuwa Jumanne, masika, barabara imelowa.
Nengai wa Mama Loshilu, wa darasa la pili,
kimo chake nakijua, kila Januari nampima miguu:
utosi wake unaishia pale boneti inapoanzia.
Alikuwa anavuka.
Lori lilimsimamia, dereva katoa mkono dirishani,
pita, mwanangu, pita.
Nyuma ya lori, shangingi likachoka kungoja,
likachomoka ubavuni.

Mwenye shangingi aliuona Mlima Meru, wote, na wingu lake.
Alikiona kibao cha benki ng'ambo.
Aliliona lori linamchelewesha.
Nengai hakumwona.

Sikupiga kelele; nilikuwa na misumari mdomoni.
Nilirusha kiatu.
Kiatu cha harusi cha mteja, kisigino kama sindano,
kikagonga kioo, breki zikalia,
na ile ngao ya nyati ikasimama
shubiri moja tu kutoka kwenye sweta ya shule.

Bwana akashuka.
Akakagua kioo kwanza.

Lakini kila tairi huchoka.
Kijana wa gereji, Tluway, huniletea yaliyokufa,
anayabingirisha kutoka Unga Limited, jasho linamtoka.
Nayalaza. Nachukua kisu.
Meno yale yale yaliyonirushia matope usoni
nayageuza yatazame chini,
nafunga kamba, napiga msumari,
na kesho yanakanyagwa na mlinzi wa usiku,
na mama wa makande,
na watu wa Ngaramtoni wanaoshuka mjini kwa miguu
kabla jogoo hajamaliza maneno yake.
Tairi moja linatoa jozi sita. Nimehesabu.
Lilipokuwa barabarani lilibeba robo ya mtu.
Sasa limebeba watu sita.

Hilo hunifurahisha mpaka saa nne hivi.
Kisha foleni inaanza tena, kutoka Sanawari,
boneti kwa boneti, kila moja na mtu wake mmoja,
na mimi nina mikono miwili.

Jana Nengai alikuja kupimwa.
Ameongezeka vidole viwili; nilimwonyesha kwenye ukuta.
Akaitazama alama, akaitazama barabara.
"Bado vingapi, fundi," akauliza, "wanione?"

Nikamwambia akaze kamba.
Chai yangu ilikuwa imeanza kutetemeka.